Umeanza karate? Soma hii kabla ya Jumanne

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kisumu. Mchana nashona yunifomu za shule, jioni ya Jumanne na Alhamisi na Jumamosi asubuhi niko dojo, yaani ukumbi wa mazoezi ya karate, huu ni mwaka wangu wa saba na nimefika mkanda wa kahawia. Kila Januari naona watu wapya wanajaa kwa ule ukumbi wetu wa sakafu ya simiti, wana bidii si mchezo, alafu ikifika Pasaka wamebaki wanne ama watano. Nimewauliza wengi kwa nini waliacha na si ati karate iliwashinda. Mmoja alikwaruzwa na kucha ya mwenzake na kidonda kikafura, mwingine alipigwa ngumi ya pua wiki ya tatu na mtu aliyetaka kujionyesha, mwingine suruali ilimpasukia katikati mbele ya watu akaona aibu kurudi. Mambo madogo hivyo, na yote yangezuilika kama mtu angewaambia mapema.

Ukitaka kuelewa kila kitu nitasema hapa chini shika hii moja: kwa dojo unajifunza kwa mwili wa mwenzako. Yeye anakuazima uso wake na mbavu zake ndio wewe ujue kupiga, na wewe unamwazima zako. Ni kama chama, kila mtu anaweka na kila mtu anapata zamu, na yule wa kuchukua bila kuweka anajulikana haraka sana. Nitaongea karate kwa sababu ndio naijua, lakini wa taekwondo na judo mtapata yenu humu.

1. Kwanza nenda ukae tu uangalie

Usilipe siku ya kwanza. Nenda ukae kwa benchi kipindi kizima. Usiangalie mateke ya juu, hayo kila mahali yapo, angalia sensei, yaani mwalimu, anavyomshughulikia yule mtoto mdogo kabisa ama yule mama aliyeanza juzi na bado anahema. Mtu akigongwa vibaya, mazoezi yanasimama ama anaambiwa avumilie? Wakubwa wakifanya na wadogo wanapunguza nguvu ama ndio wanapata mahali pa kutoa hasira zao? Hapo utajua kama ni pa kukaa. Uliza ada ya mwezi ni ngapi na ya gredingi, ule mtihani wa kupanda mkanda, ni ngapi, maana mara nyingi hizo ni pesa mbili tofauti na watu huja kushtuka baadaye. Kama ni judo angalia mikeka, kule kazi ni kuangushana, na kuangushwa kwa simiti hakuna mtu anafaa kukubali hata akiambiwa ni ya kukomaza mwili.

Siku ya kujiandikisha mwambie sensei ukweli wa afya yako. Huku kwetu kando ya ziwa na Western seli mundu iko kwa familia nyingi, na mtu mwenye huo ugonjwa akikosa maji, akichoka kupita kiasi kwa joto, anaweza kuingia kwa maumivu makali sana, kwa hivyo aongee na daktari wake kwanza kabla hajaingia kwa laini. Mwenye pumu aje na inhela na mwenzake ajue iko mfuko gani. Usifiche ukidhani utaonekana mnyonge, yule anayefanya na wewe atajuaje kukuachilia kama hajui kinachokusumbua.

2. Nguo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio kazi yangu

Mwezi wa kwanza usinunue gi, ile nguo nyeupe ya karate. Vaa tisheti na trakisuti isiyo na zipu wala chuma chochote, zipu inakwaruza mtu. Ukiona mwezi umeisha na bado unarudi, sasa tafuta gi.

Za dukani ziko lakini nyingi ni mchanganyiko wa pamba na plastiki, zinashika jasho zinakuganda mgongoni, na kwa joto la Kisumu hiyo ni mateso. Ukienda kununua kitambaa ushonewe, omba drili ya pamba tupu, alafu usiamini maneno ya muuzaji, mwombe uzi mmoja pale ukingoni uuchome na kiberiti. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na inaacha jivu laini ukilishika linapotea. Ile nyingine inayeyuka inajikunja inakuwa kashanga kagumu keusi. Mtu mzima wa kawaida mita 4 za upana wa inchi 60 zinatosha, mwenye mwili ongeza nusu.

Hicho kitambaa kiloweke usiku kucha, kianike, kikauke, ndio kikatwe. Pamba hurudi ndani ikilowa mara ya kwanza na fundi akikata kabla ya hapo utavua gi saizi yako Jumanne, Jumamosi imekuwa ya mtoto wako. Na umwambie fundi kitu kimoja ambacho wengi hawajui kwa sababu wamezoea suruali za ofisi: pale katikati ya miguu awekee kipande cha ziada cha pembe nne kilichosimama kama almasi, si ule mshono wa kukutana mmoja tu. Suruali bila hicho kipande ikikutana na teke la mbele mshono wote unavutwa mahali pamoja na unaachia. Yule dada aliyepasukiwa suruali nilimshonea nyingine mwenyewe, nikapiga mshono mara mbili, akarudi, na mpaka leo hiyo suruali inapiga mateke.

Kuvaa, upande wa kushoto unakuja juu ya kulia, kwa wanaume na wanawake. Wajapani kulia juu ya kushoto wanavalisha maiti, kwa hivyo ukiona mtu amekosea mrekebishe polepole kando. Mkanda unazunguka kiuno mara mbili, fundo linakaa chini ya kitovu na ncha mbili zinaning'inia sawa. Wanawake tunavaa tisheti nyeupe ndani na sidiria ya mazoezi inayoshika vizuri.

Kufua ni usiku huo huo. Maji baridi, sabuni ya kawaida, geuza ndani nje, anika. Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, hapana, inakula uzi wa pamba na baada ya miezi kola inakatika yenyewe. Gi ikilala kwa begi na jasho inanuka, na harufu yako si yako peke yako ukimshika mtu kifuani. Wakati wa mvua ya Machi mpaka Mei nguo hazikauki, kwa hivyo ukiweza kuwa na suruali mbili utashukuru.

3. Kucha, miguu, ngozi

Kata kucha siku ya mazoezi, za mikono na za miguu, alafu upitishe kidole uone kama kuna ncha imebaki. Kucha ya mguu ikipita kwa ugoko wa mtu inachana kama wembe, na kwa sakafu ambayo watu arobaini wamepita miguu chini hicho kidonda hakitapona kwa amani. Toa pete, bangili, heleni, saa. Pete ya ndoa ikikataa kutoka funga plasta. Nywele ndefu funga na raba, usitumie kibanio cha chuma.

Beba ndala. Unaoga miguu, unavaa ndala, unazivua mlangoni. Watu wanatembea peku mpaka chooni na wanarudi na hiyo miguu ndani, nimekataa na nitaendelea kukataa.

Ukiona duara linalowasha kwa ngozi, kingo zimeinuka, katikati kama pamepona, hiyo ni choa. Inaambukiza kwa kugusana na kwa mikeka. Nenda ukatibiwe, mpigie sensei mwambie, kaa nje mpaka ipone. Kuna mwaka mtu mmoja alificha na watoto sita wakapata.

4. Chakula na maji

Ugali mzito kula masaa mawili matatu kabla. Watu wengi wanatoka kazini saa kumi na moja wanakula sahani nzima ya ugali na samaki alafu saa kumi na moja na nusu wanaanza kuruka, hapo tumbo linakataa. Ukiwa na njaa dakika chache kabla kula ndizi mbivu moja, basi. Maji anza kunywa mchana kwa vipande vipande, si chupa nzima ukiwa mlangoni. Ukirudi nyumbani uji, ndengu, omena, mayai, chochote chenye kujenga mwili, na usilale njaa ukidhani ndio utapungua.

5. Siku ya kwanza kwa laini

Fika dakika 15 mapema. Mnajipanga kwa mikanda, wewe uko mwisho, na mwisho ni pazuri kwa sababu unaona wote walio mbele yako. Ukiingia unainama, ukitoka unainama. Maneno yatakupita masikioni lakini manne yanatosha kuanza: rei ni kuinama, hajime ni anza, yame ni simama, na kiai ni ile sauti ya kutoka tumboni wakati wa pigo. Kati ya hayo yote yame ndio ya kwanza kuikariri. Ukisikia yame mkono unasimama hapo hapo ulipo hewani, hata kama ulikuwa unaenda kupata pointi tamu. Kuhesabu ni ichi, ni, san, shi, go, roku, shichi, hachi, ku, ju, na utajifunza ukiwa unahema.

Ukikosea endelea. Hakuna anayekuangalia, kila mtu ana goti lake linalomsumbua.

6. Ngumi na teke, mambo ya kurekebisha mapema

Ngumi: kunja vidole vikaze, kidole gumba kikae nje kimelala juu ya vidole viwili vya kwanza, kamwe kisiingie ndani, kikiwa ndani ukigonga kitu kigumu unakivunja mwenyewe. Unapiga na vifundo viwili vikubwa, cha kidole cha shahada na cha kati, na kiganja na mkono viwe laini moja iliyonyooka. Ukikunja kifundo cha mkono hata kidogo utakisikia wiki mbili.

Zenkutsu dachi, ule mkao wa mbele, watu wanasimama kama wako juu ya kamba. Miguu iachane upana wa mabega ukiangalia kutoka mbele, goti la mbele lielekee vidole vya mguu na lisiporomoke ndani. Goti kuporomoka ndani ndio huzaa maumivu ya magoti ambayo watu baadaye wanasingizia umri.

Mae geri, teke la mbele: inua goti kwanza, juu, alafu ndio mguu utoke, unapiga na ile sehemu nene ya unyayo chini ya vidole, vidole vimevutwa nyuma. Alafu, na hii ndio wengi wanaruka, rudisha mguu ulikotoka kabla ya kuuweka chini. Nilikuwa nafundishwa hii nikiwa nimeshika ukuta na mkono mmoja, sensei amesimama kando anasema goti, nje, rudi, chini, goti, nje, rudi, chini, mara hamsini kila mguu, na nilikuwa nachoka kusikia hayo maneno manne lakini sasa nikifundisha watoto najisikia nikisema hayo hayo.

Na ujue kuanguka hata kama si judo. Jifunzie kwa nyasi: chuchumaa, kidevu kigande kifuani, jirushe nyuma polepole mgongo ukiwa mviringo, mikono miwili ipige chini viganja vikiangalia ardhi, kando kidogo ya mwili. Usitangulize mkono nyuma kujizuia, hapo ndio mkono unavunjika.

7. Ukipewa mwenzako

Hii ndio sehemu ninayotaka uisome mara mbili.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa na mkanda wa kijani na nilikuwa nimepangwa na dada mmoja anayekaanga samaki soko la Kibuye. Tulikuwa tunafanya ile ya pigo moja, unatangaza unapiga wapi, mwenzako anazuia. Nikasema jodan, yaani uso. Yeye alikuwa bado anavuta kola yake ikae sawa. Nilimwona anavuta kola. Nikaenda tu, kwa sababu ngumi yangu ilikuwa tayari na nilitaka sensei aone venye nimekuwa na kasi. Ikampata kwa mdomo, jino likakata mdomo kwa ndani, damu ikashuka kwa ile gi nyeupe mpaka kwa mkanda.

Hakulia. Alishika mdomo na leso akakaa kwa benchi. Kile kiliniuma ni kesho yake. Alienda sokoni kama kawaida kwa sababu samaki hawangoji, mdomo umefura, na wateja wote wanamwuliza mume wako amekupiga? Akisema ni karate wanacheka wanamwambia hata sisi huwa tunasema tulianguka. Mume wake akaonekana mbaya kwa ploti nzima, mtu ambaye hajawahi kumwinulia mkono. Niliposikia nikaenda mpaka kwao jioni, nikasimama pale kwa mlango wa jirani zake nikasema kwa sauti ni mimi nilimpiga, tulikuwa kwa mazoezi, na nimekuja kuomba msamaha.

Alikaa mwezi mzima hajaja. Siku aliporudi alikuja akasimama mbele yangu moja kwa moja, kuna watu kumi na tano angeweza kuwachagua, akaniambia, "Dada, mara hii ngoja nikwambie niko tayari."

Kwa hivyo fanya hivi. Inama kwa mwenzako ukimwangalia. Kubalianeni unapiga wapi na kwa nguvu gani, mseme kwa mdomo. Ngoja akuonyeshe yuko tayari, kichwa kikitikisika au akisema osu, yaani ndiyo. Pima umbali kwanza, nyoosha mkono taratibu uone ngumi inafika wapi, kwa uso ngumi inasimama kabla ya ngozi. Mwanzo piga polepole lakini piga mahali sahihi, kwa sababu ukipiga kando ukimwonea huruma hajifunzi kuzuia kitu chochote, na hiyo pia ni kumnyima. Ukiwa wewe ndio mkubwa kwa mwili ama kwa mkanda, wewe ndio unapunguza. Ukimgusa vibaya simama, mwulize. Wa judo na mieleka ya chini, mwenzako akikugonga kwa mkono mara mbili unaachilia hapo hapo bila kuongeza hata sekunde.

Na wewe ukipigwa kupita kiasi sema. Sema "punguza". Watu wetu tumelelewa kuvumilia, hasa wasichana, mtu anapigwa mbavu wiki nzima ananyamaza. Ukisema mara mbili na bado, mwambie sensei. Na sensei akikucheka, ule ukumbi si wako, toka.

Jigoro Kano, yule aliyeanzisha judo mwaka wa 1882, alikuwa na neno moja aliloliweka kwa mchezo wake mzima, jita kyoei, yaani mimi na mwenzangu tufaidike pamoja. Alikuwa mwalimu wa shule kwa kazi yake. Nafikiri alikuwa ameona watoto wengi wakiumizana bure.

8. Sparingi ya kwanza

Sparingi ni kupigana kwa mazoezi na mwenzako. Usikimbilie. Miezi mitatu minne ya msingi kwanza, na kama dojo inakuingiza wiki ya kwanza kataa kwa heshima.

Nunua kinga ya meno yako mwenyewe, haiazimwi. Zile za kuchemsha unazitumbukiza kwa maji moto kwa sekunde zilizoandikwa kwa pakiti, unatoa, unang'ata na kufyonza ikashika umbo la meno. Glavu na kinga ya ugoko unaweza kuazima mwanzo lakini zikauke kwanza.

Utashangaa pumzi inaisha ndani ya dakika moja, na si kwa sababu huna mazoezi, ni kwa sababu unashikilia pumzi ukiogopa. Toa hewa kila unapopiga. Mikono iwe juu hata ukichoka, macho wazi, angalia kifua cha mwenzako si miguu yake. Raundi ya kwanza usitafute kushinda, jipe kazi moja tu, mathalan leo nitakuwa nazuia na kutoka kando.

Ukigongwa kichwa na ukaona kizunguzungu, kichwa kinauma, unaona ukungu, unataka kutapika, ama umesahau ulikuwa unafanya nini, mazoezi yako ya siku hiyo yameisha. Hata ukijisikia sawa baada ya dakika tano, umemaliza, huna kurudi ndani siku hiyo. Ukitapika, ukilemewa na usingizi usio wa kawaida, maumivu yakizidi, ni hospitali usiku huo huo na usiende peke yako kwa boda, mtu akusindikize. Hapa sina mzaha na mtu.

9. Ukiteguka

Kifundo cha mguu ndio kinachoenda sana. Acha mazoezi, barafu iliyofungwa kwa kitambaa dakika 15 mpaka 20 kisha pumzika urudie baadaye, funga bandeji isiyobana sana, lala mguu ukiwa juu ya mto. Tafadhali usikimbilie kukandwa na maji moto siku hiyo hiyo, najua nyanya zetu wote wanaanza na hapo, na mimi wangu alikuwa na besheni tayari, lakini siku mbili za kwanza joto na kusugua kunaongeza kufura. Ukishindwa kukanyaga hata hatua nne, ama mfupa wenyewe ukiuma ukiguswa, nenda upigwe picha. Na ukiwa umeumia njoo ukae kwa benchi uangalie. Ukikaa nyumbani wiki tatu miguu inasahau njia.

10. Nyumbani, dakika 15

Watu wananiambia hawana nafasi, chumba ni kimoja. Mimi nilijifunza Heian Shodan, kata ya wanaoanza, kati ya cherehani na kitanda. Kata ni mpangilio wa mapigo unaofanya peke yako. Ile kata ina hatua 21, unapofika ukuta unarudi nyuma hatua moja unaendelea kutoka pale. Asubuhi kabla ya watoto kuamka, dakika tano za kunyoosha mwili, dakika tano ngumi na mkao, dakika tano kata mara mbili tatu polepole, basi. Usiidharau kwa sababu ni ya wanaoanza. Hizo kata tano za Heian zilitungwa na Anko Itosu wa Okinawa mwanzoni mwa karne ya 20 akiwapelekea wanafunzi wa shule, na wenye mikanda myeusi bado wanazirudia.

Weka daftari. Ukirudi andika mistari mitatu, nini nilifundishwa, nini nilirekebishwa, nilifanya na nani. Video za simu ziko nyingi lakini bando linaisha na kila mtu anasema lake, angalia ile sensei amekutumia, mengine yangoje.

11. Gredingi

Usiulize lini. Sensei atakwambia. Ukiambiwa, lipa mapema, lala, na ujue kwa majina mambo yote ya kyu yako, yaani daraja la mkanda unaoufanyia mtihani.

Mara yangu ya kwanza kufanyia nje ya Kisumu tulienda Nakuru. Tulitoka hapa usiku na matatu, tukafika alfajiri na baridi ya kule, mimi na tisheti yangu. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru iko karibu 1,850, na hiyo tofauti niliipata kwa kifua, kihon, yaani mapigo ya msingi, ya kumi na tano hivi nikawa naskia pumzi imekuwa fupi na mikono mizito, misuli nayo haijapata moto. Kama unatoka kando ya ziwa kwenda Nakuru ama Eldoret beba sweta, pasha mwili muda mrefu kuliko ulivyozoea, na usimwage nguvu zote kwa dakika za kwanza. Ukiweza kulala kule usiku mmoja ni bora kuliko kushuka kwa matatu ukiingia ukumbini.

Ukianguka, mwombe sensei akwambie ni wapi, andika kwa daftari, Jumanne njoo. Mimi ya kijani nilianguka mara moja, mkao wa nyuma ulikuwa mfupi, na walikuwa wamesema ukweli.

Kuna wazazi wananiuliza kama huu mchezo ni wa msichana. Huwa nawatajia Faith Ogallo, alikuwa anasoma Chuo Kikuu cha Kibabii hapo Bungoma, akafuzu taekwondo na akaenda Tokyo kuwakilisha Kenya kwa ile Olimpiki ya 2020 iliyochezwa 2021. Bungoma si mbali.

12. Ukimaliza

Baada ya kuinama usikimbilie begi. Rudi kwa kila mtu uliyefanya naye siku hiyo, umshukuru, umwulize kama kuna mahali ulimuumiza. Chukua fagio, kama hakuna zamu yako chukua tu. Badilisha nguo, usitembee na gi barabarani Kondele usiku ukitafuta macho ya watu, toka na mwenzako mpaka stejini, na ukifika mtumie ujumbe.

Yule dada wa samaki sasa ana mkanda wa bluu. Bado tunapangwa pamoja Alhamisi nyingi. Ninatangaza jodan, ninasimama, yeye anavuta kola yake ikae sawa, hana haraka, alafu ananiangalia na kusema "niko tayari dada", na hapo ndio naenda.